Santuri Iliyonikosesha Wangari

Kuna aibu ambazo mtu huzizoea, lakini hii yangu ya Kabazi bado inanipasha masikio moto, na sasa mimi ni mzee wa wajukuu, kwa hivyo nichekeni tu, nimestahili.

Nilikuwa karani katika duka la mbegu mjini Nakuru, miaka ya mwanzo ya sabini, na nilikuwa na gramafoni ndogo ya betri, ile ya kufungwa kama sanduku na kubebwa kwa mkono. Siku moja katika duka la Mhindi mmoja nikaona santuri imesahaulika chini ya meza, vumbi tupu, juu yake picha ya vijana wanne Wazungu wakitetemeka kwa baridi mbele ya kibanda. Jina la bendi silijui mpaka leo, kwa sababu lilibanduka pamoja na kibandiko cha bei (nilikibandua mimi mwenyewe kwa kucha, mjinga mimi). Ilikuwa roki, lakini roki ya watu wenye adabu: gitaa zinaongea bila kugombana, sauti zinapandana kama kwaya, na katika wimbo wa tatu ngoma zinanyamaza ghafla, inabaki gitaa moja peke yake ikitafuta njia ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyeitaka, watu walitaka za kurusha miguu. Nasema ile santuri ilidhulumiwa, na mwenye nayo aitoe darini aisikilize.

Sasa, mawe ya betri yalipoanza kuchoka, wale vijana wakaanza kuimba kama walevi. Badala ya kununua mengine nikasukuma kile kipini cha kasi, kutoka polepole hadi kasi ya kati, mambo yakawa sawa, tena wimbo ukachangamka kidogo, nikaupenda hivyo na nikauzoea hivyo.

Wakati huo nilitaka kumwoa Wangari, mwalimu wa chekechea kule Kabazi, na baba yake, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya, alikuwa ameapa kwamba binti yake haendi kwa kijana wa mjini anayesikiliza makelele ya gitaa.

"Basi nitamletea asikie mwenyewe," nikasema.

"Usilete," Wangari akanijibu. "Lete sukari, halafu unyamaze."

Laiti ningemsikia! Jumapili moja baada ya ibada nikafika kwao na binamu yangu Njoroge, gramafoni mkononi, na kwa heshima ya mzee nilikuwa nimenunua mawe mapya. Sebule ilijaa: mzee na bakora yake, mama, shangazi, akina mama wa kanisa waliokuja kumkagua mkwe. Nikatoa hotuba, kwamba hii si ile roki mnayoijua, hii ni karibu na tenzi, kisha nikashusha sindano.

Mawe mapya, kipini bado kwenye kasi ya kati. Zikatoka sauti za vifaranga waliokanyagwa.

"Hawa ni watu wazima?" shangazi akauliza. "Ama wamefinywa na mlango?"

Akina mama wakaangusha vikombe kwa kicheko. "Kipini! Kipini!" Njoroge akaninong'oneza, nami kwa haraka nikakisukuma upande usiofaa, ikawa kasi kubwa, mbwa nje akaanza kulia, na mama Wangari akafumba macho na kuanza kuomba. Nikakirudisha mpaka mwisho, kwenye ile kasi ya polepole.

Ndipo wimbo ukatoka kama ulivyoimbwa. Sebule ikatulia. Mzee akainamisha kichwa, bakora yake ikaanza kugonga sakafu taratibu, na Wangari mlangoni akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tena.

"Aa," mzee akasema. "Hawa walifundishwa kuimba."

Mtu mwenye akili angeketi hapo na kunywa chai. Mimi masikio yangu yalikuwa yamezoea ule wa mawe machovu, nikaona huu umelala, nikainua sindano.

"Samahani mzee, hii siyo yenyewe. Inafaa iwe na haraka kidogo."

"Rudisha hapo, kijana. Hapo ni pazuri."

"Hapana mzee, mimi ninaijua hii santuri."

"Na mimi ninaijua kwaya tangu kabla hujazaliwa. Rudisha."

Njoroge akanikanyaga mguu. Nikamwambia, tena kwa sauti, aache kunikanyaga, kisha nikarudisha kipini kwenye kasi ya kati. Vifaranga wakaanza upya. Shangazi akaanguka kwenye kochi.

Mzee akangoja kicheko kiishe. "Kijana," akasema, "umeletewa kitu kizuri mbele yako na wewe mwenyewe umekikataa. Binti yangu utamtambuaje?"

Nikafunga sanduku langu, nikaaga, na nilipofika mlangoni akaniita, moyo ukaruka.

"Hiyo santuri iache."

Nikaiacha. Mwaka uliofuata Wangari aliolewa na mwalimu wa Subukia, na nasikia ile kwaya ya mzee ilikuwa na wimbo mmoja mtamu ajabu ambao hakuna aliyejua ulitoka wapi.

Tangu siku hiyo sibishani na mwenye nyumba. Hata chai yake ikiwa baridi, akisema ni moto, mimi ninapuliza.