Nilivyokuwa Mlinzi wa Giza

Nianze na ujinga wangu: niliwasha tochi ya simu ndani ya boksi ambalo kazi yangu pekee ilikuwa kulizuia lisiingiwe na mwanga. Nilitaka tu kuwaonyesha jamaa wa bwenini maji ya kijani. Kengele ya ugali ikalia, nikatoka mbio, simu ikabaki humo inawaka saa nzima.

Nyie mnaoingia kidato cha kwanza, nisikilizeni, mimi ni mstaafu mwenye umri wa miaka kumi na saba. Siku ya kwanza kazini, Mwalimu wa Baiolojia wa shule yetu hapa Kasulu alinikabidhi chupa mbili za maji hayo, ndani ya boksi. Ukijani ule ni mwani wa seli moja, viumbe vidogo kuliko vumbi.

"Vina saa ndani yake," akasema. "Hata gizani vinajua mchana umefika, vinakuwa tayari kuogelea kufuata mwanga. Ila hivi vya chupa ya pili vimerithi jeni iliyobadilika, saa yao inakimbia."

"Hata mimi ninayo hiyo jeni, mwalimu, kipindi cha hesabu."

"Yako imesimama. Funga boksi."

Bosi wangu mwingine alikuwa Kiranja wa Maabara, Esperansi wa Kitanga. Tangu alfajiri, kila baada ya saa mbili, alipenyeza kamwanga hafifu kwenye tundu na kuandika mwani umesogea kiasi gani. Kufikia siku ya nne saa za chupa hizo mbili zilikuwa zimeachana kwa saa kadhaa, naye anatembea kama diwani aliyeshinda. Jioni hiyo ndipo nikaja na tochi. Mwanga mkali huzirudisha saa hizo mwanzo, basi zote mbili zikaanza upya, karibu sawa.

Sikusema. Kwenye maonyesho ya shule, mwamuzi akapekua daftari la Esperansi. "Binti, juzi zimeachana, leo ziko pamoja. Ulikuwa unaota?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hicho kicheko ninakijutia kuliko tochi.

Esperansi akarudisha funguo za maabara. "Nilisoma vibaya," akamwambia mwalimu. "Mimi sayansi siiwezi." Shule ikafungwa, akaenda kwao Kitanga.

Nami nikastaafu. Nyumbani Heru Juu nilimsimulia mama kisa cha tochi akichambua maharage, nikinogesha, nikitegemea atacheka. Akaweka ungo chini.

"Mtoto wa mwenzangu leo siku ya tatu anajiona hana akili," akasema. "Vaa viatu, twende Kitanga."