Tisa Waliokwenda Suri

Iko Jumatano moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Mke wangu akisikia haya atanuna, lakini kweli ni kweli. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimekaa sebuleni kwa bibi yangu, Bibi Zuwena, hapa hapa Ibra, nimeshika simu ya mezani niwapigie watu wa Suri, kule pwani, niwaambie kesho hatuji.

Hatuji wapi? Ngoja nikupe kisa tangu mwanzo, maana nyinyi mkisikia mpira mnadhani ni huu wa miguu tu. Mwenzetu mmoja, Nasor, alirudi kutoka masomoni Marekani na mpira mrefu, umechongoka pande zote mbili kama tende. Bibi alipouona akauliza ni nani aliyeukalia. Mpira huo unaubeba mikononi na kukimbia nao, wenzako wanakulinda, wapinzani wanakuangusha, na ukiuvusha mstari wa mwisho umefunga. Nasor akatufundisha. Tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi akapendezwa, akatupa jezi, basi na mshahara. Ehe, mshahara. Tukawa wachezaji wa kulipwa, tukitembea sokoni vifua mbele. Mabega tumeyakinga kwa sponji la godoro, vichwani tumevaa kofia ngumu za pikipiki. Nizwa nao wakaunda timu, na Suri wakaunda yao kule mtaani kwao Aija. Timu tatu, msimu mmoja wa baridi, kikombe kimoja.

Ngoma ivumayo haidumu. Tulifungwa kila tulipokwenda. Nizwa walitupiga mpaka watazamaji wakaondoka kabla yetu, na uwanja wenyewe ulikuwa wa kokoto, kila ukianguka unaacha ngozi. Tajiri akachoka kuchekwa kwa ajili yetu. Akachukua basi lake, mshahara ukakatika, na wachezaji nao wakaanza kupata shughuli mmoja mmoja. Tukabaki wanane, na mchezo unataka kumi na mmoja. Ilibaki mechi moja tu, ya Suri. Wao wakishinda, au sisi tusipotokea, kikombe ni chao. Wakishindwa, kinakwenda Nizwa. Nikaona basi, wanakitaka, wakichukue, sisi tukae kwetu na aibu yetu. Nahodha nilikuwa mimi. Na mimi ndiye niliyempa ahadi Hamed, nahodha wa Suri, kwamba tutakuja.

Bibi akauweka mkono wake juu ya simu.

"Wampigia nani?"

"Hamed wa Suri, bibi. Kesho hatwendi. Tumebaki wanane, na mshahara hakuna."

"Hao watu wamekwambieni mkashinde, au wamekwambieni mwende?"

Nikamjibu kuwa wametwambia twende.

"Basi. Wanawake wa Aija saa hizi washachagua mchele. Wallahi, Salim, mtu akishapikiwa haulizi mshahara. Sie tuliporudi huku kutoka Unguja, watu wakikicheka Kiarabu chetu mpaka machozi. Ningekuwa natoka nje siku za kushinda tu, mpaka leo nisingeijua njia ya sokoni." Akaivuta simu kwake. "Mko wanane? Mie wa tisa."

Nasor alikuwa amekaa karibu na mlango na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa mwalimu wetu, hachezi, goti lake bovu. Alicheka, kisha akakiweka kikombe chini.

"Kaa, bibi," akasema. "Wa tisa mimi."

Nilitahayari, mwanangu. Bibi kizee na mtu wa goti bovu wananipita kwa moyo, na nahodha ni mimi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga. Usiku ule nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu, na baada ya sala ya alfajiri tukapanda pikapu mbili za kuazima. Bibi alikataa kubaki. Alikaa mbele na birika lake la kahawa, akatusomea dua mpaka tulipofika mji wa Al Kamil, kisha akalala.

Pale uwanjani Aija, Hamed alitupokea kwa salamu ndefu, akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. Akawageukia watu wake na kuwaambia wawili wavue jezi.

Mmoja wao akanung'unika. "Hamed, kikombe hicho."

"Wamekuja tisa," akasema Hamed. "Tutacheza tisa."

Sitokudanganya kwamba tuligeuka simba. Walitangulia kutufunga, tukasawazisha, wakatufunga tena. Lakini siku ile hakuna aliyekaa chini kusubiri mwenzake amnyanyue. Nasor alikuwa akikimbia kwa kuchechemea, anaanguka, anainuka, anatukana kwa Kiingereza ili bibi asielewe. Mimi nilikuwa na hasira, nayo haikuwa juu ya watu wa Suri. Nilikuwa na hasira na yule Salim wa jana aliyeshika simu. Tukasawazisha tena. Mpira ulipotufikia mara ya mwisho niliukumbatia, wenzangu wakanishika kiuno na mabega wakanisukuma kwa nyuma, watu wa Suri wakatusukuma kwa mbele, tukaporomoka sote juu ya mstari wa chokaa. Vumbi lilipotulia, mpira ulikuwa umeshavuka.

Ndio ushindi wetu wa kwanza, na wa mwisho. Kikombe kikaenda Nizwa, kwa watu waliokuwa wamekaa majumbani mwao.

Chakula kikaletwa, wali na samaki wa nguru, sinia kubwa kubwa. Hamed akakaa karibu yangu, akawa anamchambua samaki miba na kuniwekea upande wangu. Nikamwambia, "Tungebaki kwetu, kikombe kingekuwa chako."

Akaendelea kuchambua miba. "Na wali wote huu ningeula na nani?"

Msimu uliofuata hakukuwa na timu, si Ibra, si Nizwa, si Suri. Mchezo ule ulikufa, na ukiwauliza watu leo nani alichukua kikombe, hakuna ajuaye.

Mwanangu, siku hizi naona mtu akijua hatoshinda huandika ujumbe mfupi: samahani, nimepata dharura. Usiuandike. Ahadi ni deni, na deni hili halilipwi kwa simu. Ukisema utakwenda, nenda. Nenda na wachache, nenda umechoka, nenda ukijua utafungwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, kwa hiyo usiwanyime watu ujio wako kwa sababu tu huna hakika ya kuwashinda. Na siku wewe ukiwa mwenyeji, na mpinzani wako akaja pungufu, usifurahie upungufu wake.

Mungu akupe magoti ya kuinukia, akupe wenzako wa kukusukuma pale nguvu zako zinapokwisha. Na utakapofika mahali ukiwa pungufu, akukutanishe na mtu atakayewaambia wawili wake wavue jezi. Amin.