Kiti cha Guka Nilichokifuata Kopenhagen

Nilikwenda Ulaya kutafuta kiti. Kina miguu mitatu, na kilikuwa cha guka, babu yangu. Katika ukoo wetu pale Wamagana, baba hukalia kiti cha wazee wake akipokea watu wa kuposa binti yake. Asiye nacho humwachia ndugu mkubwa maneno yote, yeye anabaki kugawa soda.

Binti yangu Nyawira alikuwa anaposwa mwezi wa nane. Ndugu mkubwa ni Gathogo wa Mukurweini, na Gathogo aliapa kwamba kiti kilichukuliwa na mzungu wa Denmaki, akakiweka makumbusho. Namtaja kwa jina kwa sababu ni yeye. Namtaja pia Wairimu wa Majengo, aliyetupikia pombe iliyoua wenzangu na kuniachia jicho moja. Hilo jicho ndilo nililokwenda nalo kutazama Ulaya.

Kopenhagen, asubuhi. Nyawira hutunza wazee huko, na tikiti alikata yeye. Alinipeleka kwanza kwenye jumba la mfalme. Askari alikuwa amesimama, kofia yake ya manyoya kubwa kama mzinga wa nyuki. Nikamsalimu. Akaendelea kutazama mbele. Nikamsalimu kwa Kikuyu.

“Baba, huyo haruhusiwi kuongea.”

“Hata chifu wetu haongei, lakini angalau hukohoa.”

Tukapanda mashua kwenye mifereji, tukaona makanisa na nyumba za rangi. Watu walipiga picha. Mimi nilikuwa nauliza kiti kiko wapi.

Mchana tukaingia makumbusho. Nyawira alitaka nione panga na pembe za watu wa kale, lakini nilizipita kama ng'ombe aliyesikia harufu ya maji. Chumba cha Afrika, ndani ya kioo, nikakiona: miguu mitatu, ufa pembeni. Machozi yakatoka, hata kwenye jicho lisiloona.

Guka kwa desturi humwagiwa pombe. Mimi pombe nimeikana, kwa hivyo nilikuwa nimebeba maziwa kwenye chupa. Nikamwaga kidogo sakafuni, nikamwambia avumilie, tunarudi nyumbani.

Mama mmoja mlinzi akaja mbio.

“Anauliza kama uko mgonjwa,” Nyawira akasema.

“Mwambie ni yeye ako na kiti ya wenyewe.”

Nyawira akainama kusoma maandishi kando ya kioo. Akakawia kuinuka.

“Baba, hii kiti ilitoka Kameruni.”

“Soma tena.”

“Kameruni, baba.”

Mlinzi akaniletea kitambaa. Nikapiga magoti, nikapanguza. Guka wa watu wengine alikuwa ameshakunywa maziwa ya bure.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Mukurweini kugombana. Gathogo hakuwa nyumbani. Mkewe, Mama Wanjohi, alikuwa zizini anakamua.

“Baba Nyawira, karibu. Ulaya iko aje?”

Nilikuwa natazama alichokalia.

“Hii? Si ni ile ya mzee. Gathogo alisema nisiitoe nje, ati itaibwa.”

Akainuka, akakipanguza kwa leso, akanipa. Gathogo alitukuta kwenye lango.

“Mzungu aliirudisha,” akasema.

“Lini?”

“Aliirudisha tu.”

Siku ya wakwe, Nyawira akiwa amerudi kwa likizo, nilikaa juu ya kiti kinachonuka ng'ombe, Gathogo akagawa soda. Nimejifunza kwamba ukiibiwa, uanze kutafuta zizini kwa ndugu yako. Nilipokohoa ili nianze maneno, Nyawira aliinama sikioni mwangu.

“Baba,” akanong'ona, “maziwa ya guka wetu umesahau?”