Redio ya Mama Mdogo na Chumvi ya Tanga

Mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi, hiyo ndiyo harufu ya Themi yangu, chini ya mlima Meru, wakati wa Mwingereza. Mama yangu alishafariki, baba akaniletea mama mdogo kutoka Tanga, anaongea kwa kuvuta kama anabembeleza mtoto: "Mwananguu, usiiguse, chumvi itailaa!" Anaisema redio yake ya betri. Kwao upepo wa bahari hula chuma hadi kiwe unga, basi kila jioni aliipaka misumari ya redio mafuta ya nazi, akaifunga kanga juu ya kanga, akaifungia sandukuni. Sasa Meru huyo amesimama anatutazama, bahari iko wapi? Mazoea yana taabu.

Mwezi wa saba ukungu ukashuka, hata nguo hazikauki. Redio ikakohoa, ikanyamaza. Na mtaa mzima hakuna mwingine aliyeongea kama kwao ila hiyo redio. Mama mdogo akaanza kukunja nguo zake, arudi kwao. Baba akaguna kama dume la ng'ombe: "Mm. Tutaona." Utaona nini, na mke anakunja nguo? Yule ndiye aliyenisuka nywele na kunirudishia kicheko.

Mama Anaeli wa Akheri, kule juu mlimani, aliyetuletea ndizi, akaifungua ile redio, maji yanatiririka kwenye kanga. "Yesu wangu! Mmeivika sanda! Chumvi huku tunanunua dukani, mama. Hii imeloa." Kwao mahindi hukaa juu ya moto yasiote ukungu. Akatoa betri, akaipandisha redio kwenye uchaga wa kuni, juu ya mafiga, moto wa makaa tu.

"Ataichoma! Wallahi ataichoma!"

"Nyamaza, unaitia hofu," Mama Anaeli akamwambia mama mdogo.

Tukala tunatazama juu kama kuku wanaokunywa maji. Ilipokauka wakarudisha betri. Kroo, kroo, halafu mtu akaongea, kwa mvuto uleule wa pwani. Mama mdogo akacheka huku analia, akaenda kuzitundika tena nguo zake.

Leo wajukuu wana televisheni ukutani. "Aah, Bibi, ikifa si tunanunua nyingine?" Nawaiga hivyo hivyo, midomo mbele, wananuna. Wako sawa, chombo ni chombo. Ila wadogo zangu aliowazaa mama mdogo wanaongea Kimeru kwa mvuto wa Tanga, na Idi wakijaa hapa kwangu, hiyo televisheni hata haisikiki.