Siku Mawe Matatu Jazz Walipomtaja Chenge

Wapwa zangu, Chenge mkimtazama hamtaona kitu. Ni mtu mfupi, mpole, fundi baiskeli pale Igogo kwa miaka zaidi ya arobaini, na grisi imemwingia kwenye kucha mpaka sabuni ya mche imekata tamaa. Mama yake ni shangazi yangu, kwa hiyo sisi ni mabinamu, na kwetu binamu ni mtani. Tena utani wetu si wa kupeana pipi. Mwaka juzi nilipolazwa, Chenge aliingia wodini na kamba, akanipima kuanzia utosini hadi kisiginoni mbele ya wauguzi, akasema seremala wa jeneza anasubiri vipimo. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Lakini kuna jambo moja ambalo Chenge hataniwi. Mwaka 1986 bendi ya Mawe Matatu Jazz ilimtaja.

Nyie wa leo hamuwezi kuelewa. Enzi zile mwimbaji akikutaja katikati ya wimbo, wiki nzima unatembea kama mtaa umeandikishwa jina lako. Waliotajwa walikuwa wakubwa wa pamba, wenye mabasi, wenye maduka. Jumamosi moja Chenge alicheza peke yake katikati ya ukumbi, anakanyaga chini kama anatwanga, hadi wapiga magitaa wakaanza kuchekeana. Ndipo mwimbaji Msafiri akaingiza kwenye wimbo: "Chenge, mtoto wa Igogo, usituvunjie sakafu!" Basi. Ni hayo tu. Hayakurekodiwa popote. Mimi nilikuwepo, nimevaa suruali iliyopigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyanya.

Bernadeta, mkewe, alitoka Bukoba miaka tisa baadaye. Hajawahi kuamini.

"Fundi baiskeli atajwe na bendi?" husema. "Labda gari lao lilipata pancha."

Miaka yote Chenge hucheka na wageni wanapocheka, halafu huanza kuchokonoa grisi kwenye kucha.

Mwaka huu tukasikia Mawe Matatu wanarudi. Wamebaki watatu wa zamani, wengine ni vijana wa kuazima. Watapiga Jumapili mchana kwenye bustani moja kando ya ziwa. Kiongozi wao wa sasa, Khalidi, mtu wa Tanga, akapewa namba yangu. Angempigia nani mwingine? Mwanza nzima anayeijua historia ya muziki ni mimi. Alitaka majina ya mashabiki wa zamani ili Mzee Msafiri awataje kama kale.

Kabla sijamjibu, Chenge alikuja nyumbani. Hakutania hata salamu.

"Bina, mwambie anitaje mara moja tu. Bernadeta asikie kwa masikio yake."

"Nitamwambia."

"Bina."

"Nimesema nitamwambia, unataka niapishwe?"

Nikampigia Khalidi, nikamtajia watu na kazi zao. Nilipofika kwa Chenge ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Huyo tulishamzika, ndugu yangu, na kaburi lake lilikuwa dogo kama la kuku. Lakini mtajeni kwa sauti kubwa, popote alipo asikie."

Msukuma yeyote angeangua kicheko na kuniuliza nyama ya matanga iko wapi. Khalidi akasema, "Innalillahi." Nikafurahi sana. Nikajua nimepata mtani mwenzangu kutoka pwani.

Jumapili Chenge alivaa shati jipya, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Bernadeta alikaa kati yetu na kitenge chake cha kanisani, uso wa mtu aliyeletwa kushuhudia uongo ukianguka.

Mzee Msafiri alipandishwa jukwaani akishikwa mkono na bintiye, Sihaba. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Macho yameingia ukungu, sikio moja halisikii, na jingine ilibidi uliinamie. Wimbo wa kwanza sauti ilikwaruza kama mlango wa stoo. Wa pili ikalainika. Wa tatu, jamani, ikarudi ileile! Wazee wakainuka na magoti yao mabovu. Hata mimi nilizunguka mara moja, na kama si kiuno mngesimuliwa.

Kisha akaanza kutaja. Akataja mwenye mabasi, yupo, akanyoosha mkono, watu wakapiga makofi. Akamtaja Kija muuza vitenge, akapiga vigelegele mwenyewe. Nikaona mkono wa Chenge umeshaanza kupanda, uko usawa wa bega, unasubiri.

Magitaa yakapoa. Khalidi akainama na karatasi sikioni kwa mzee. Mzee akasema, "Tusimame, tuwakumbuke wenzetu waliotutangulia."

Hapo hapo nikaelewa kwamba ile Innalillahi ya Khalidi haikuwa utani.

"Maige," akasema. Kweli, Maige tulimzika. Watu wakainamisha vichwa.

"Na Chenge. Chenge, mtoto wa Igogo."

Bustani nzima ikasimama. Nikataka kupiga kelele, lakini hata mdomo huu, mnaujua wenyewe, haukatizi maombolezo! Nikampungia Khalidi mikono miwili. Akaniona, akaweka kiganja kifuani kwa majonzi. Watu wawili watatu wa Igogo walitugeukia, wakaona ni utani wetu ule ule, wakajiziba midomo kwa kucheka. Na mzee akaimba. Alimwimbia Chenge ubeti mzima: fundi ameondoka, nani atatengeneza njia yetu. Mwanamke nyuma yetu akawa anavuta kamasi.

Chenge alishusha mkono. Akavua kofia, akasimama wima na wengine.

Bernadeta akamnong'oneza, "Simama vizuri, unaombewa." Halafu akamtazama upya, kicheko kikamkauka. "Kumbe walikujua kweli."

Muziki ulipokwisha Chenge alisema lazima amsalimie mzee. Njiani nikamwambia kosa langu lote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mzee alikuwa ameketi nyuma ya jukwaa, Sihaba anamvua viatu.

"Shikamoo, mzee," Chenge akasema.

"Marahaba. Nani?"

Nikadakia kwa sauti ya juu, "Mzee, huyu ndiye Chenge! Yuko hai! Mimi ndiye niliyekosea!"

Mzee akageuza sikio lile lisilosikia. Akaupapasa mkono wa Chenge mpaka kwenye kiwiko. "Wa kwao Chenge? Mdogo wake? Pole sana, mwanangu. Msiba huu umetuuma sote."

Nikavuta pumzi nirudie. Chenge akanikanyaga mguu.

"Ahsante, mzee," akasema. "Tumeshapoa."

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini Bernadeta akainama kwenye sikio zima. "Mzee, unamkumbuka alivyokuwa?"

"Nimsahau Chenge?" Mzee akatabasamu. "Mrefu yule! Jino la dhahabu. Hakuwa mchezaji, anakaa mezani na wakubwa wa pamba, kimya, anatuagizia soda. Mtu mzito sana."

Sihaba akaendelea na kamba za viatu. Chenge akauachia mkono wa mzee taratibu, kama anaweka kikombe kilichojaa.

"Ndiye huyo," akasema. "Kaka alikuwa hivyo."

Tulipotoka barabarani Bernadeta akatamka bila kugeuka, "Mimi jina nimelisikia. Mengine ni uzee wake." Akatangulia. Nilimwona anataka liwe hivyo, lakini mgongo wake ulikuwa haujaamua.

Chenge akanishika mkono. "Bina, acha utani. Siku ile alinitaja mimi?"

"Wewe."

"Si yule mrefu?"

"Wewe, Chenge. Ulikuwa na shati la kijani la kuazima kwa Masele. Viatu ulivivua, ukaviweka chini ya spika. Mimi nilikuwa dirishani. Na mimi sikutajwa siku ile, wala siku nyingine yoyote, miaka yote ile hata mara moja. Nilikuonea wivu mpaka nikatoka nje kabla wimbo haujaisha."

Hayo sijawahi kumwambia mtu, wapwa zangu, na yote ni kweli. Ila kila neno lilipotoka nililisikia mwenyewe: shati la kijani, viatu chini ya spika, wivu wa binamu. Lilikuwa limepambwa kama zile hadithi zangu nyingine.

Chenge alinitazama usoni kwa muda. Kisha akatabasamu.

"Haya, bina," akasema. "Ahsante."

Akanigusa bega kwa upole, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa uongo mzuri, akaongeza mwendo kumfuata mkewe.