Nyanya Zililala Ndani ya Neti

Neti mpya ina harufu ya dawa inayowasha macho, na kila nikiinusa hasira inanipanda kabla sijakumbuka sababu. Nilikuwa darasa la nne. Mvua ilikuwa imekataa Kyuso, ndengu zikakauka zikiwa bado maua, na watu saba wa huko wakaja kwetu Makueni, kwa shamba la baba kando ya mto, kuchuma bamia. Walilala kwa banda la mbolea. Mmoja wao, Mwende, alikuwa na mimba na mdomo usiotulia. "Huko kwetu mbu akitaka maji anapiga foleni nyuma ya ng'ombe," aliniambia. "Hawa wenu wanaogelea tu." Mimi nilikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa, lakini kwake nilicheka.

Mhudumu wa afya alipokuja kuandikisha watu, baba alihesabu kila mtu, hata wale wa banda: kumi na wawili. Neti moja ni ya watu wawili, kwa hivyo tukapewa sita. Tatu tukalalia sisi wa nyumbani. Tatu zilizobaki baba alinipa pamoja na sindano, nizishone ziwe moja, zifunike kitalu cha nyanya, kwa sababu inzi weupe walikuwa wamemaliza miche ya jirani. Nilishona vizuri, hata nikasifiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alipona, nyanya zikapona, mgeni akaachiwa mbu.

Mwende aliniuliza mara moja tu, tukiwa mbele ya kitalu. "Mutheu, hizi si ndizo neti zetu?" Nikaangalia miguu yangu. "Basi mwambie baba yako mwaka ujao nitakuja nikiwa nyanya."

Homa ilipomshika, baba alisema ni uchovu wa kazi mpya, atazoea. Azoee nini? Kwao ni kukavu, mwili wake haukuwa umeijua malaria. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka juu ya magunia, na pikapu ya pekee ilikuwa inapakiwa bamia. Walimaliza kupakia kwanza. Akapelekwa zahanati ameketi kati ya katoni. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekufa, na Mwende akarudi Kyuso bila kuniaga.

Sasa niko kidato cha tatu na bado naogopa kuongea mbele ya watu, ndiyo maana naandika. Baba huita mambo yale bahati mbaya. Bahati gani, na sindano niliishika mimi? Likizo hii neti zimekuja tena, na banda lina watu tena. Baba akiwa sokoni nilifungua zile za banda, nikaandika kwa wino mzito, pembeni mwa kila neti, majina ya watakaoilalia. Aliporudi akauliza ni nani amenituma. Sikuinamisha kichwa. Nilimwambia asome, na kama kuna mche wa nyanya unaoitwa hivyo, auchukulie neti yake.