Maziwa ya Saa Sita

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule, nikapata kazi katika karakana ya matrekta mjini Nakuru. Kutwa nzima niliosha vyuma vya injini kwa petroli ndani ya karai, mikono mitupu, milango imefungwa kuzuia vumbi. Saa sita kila mmoja wetu alipewa kikombe cha maziwa, kwa kuwa tuliamini maziwa huosha kifua na kuondoa sumu ya ile harufu. Yangu niliyatia kwenye chupa, nikawapelekea wadogo zangu.

Mzee niliyeosha naye vyuma alinikemea. "Kunywa, kijana! Ukifa, hao watoto utawaachia chupa?"

Mwaka wa tatu vidole vyangu vilianza kufa ganzi. Nilijilaumu, nikaanza kunywa maziwa yangu, na jioni wadogo zangu wakaacha kunipokea mlangoni.

Kisha yule mzee, ambaye hakuwahi kubakiza hata tone, akashindwa kushika spana. Ilimponyoka mara tatu, naye akaitazama tu pale chini.

Siku hiyo niliyatia tena maziwa yangu kwenye chupa ya wadogo zangu. Kesho yake nilirudi kwenye karai, kwani kazi nyingine sikuwa nayo.